Mbwa Niliyemnyooshea Kidole

Mama Tabu alifariki mwezi uliopita huko Dumila. Wanaume walipobeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani kwake, tumekaa kwenye mikeka, tunachambua mchele. Nimeshastaafu kazi ya maabara, lakini masikio yangu hayajastaafu. Jirani mmoja, muuza vitunguu, alikuwa anamweleza mwenzake kwamba marehemu aliuza nyanya kando ya barabara kuu kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuwahi kugombana na mteja, na hakuwahi kwenda kwao hata siku moja. "Kwao wapi?" mwenzake akauliza. "Milimani huko, Uluguru. Ukimuuliza mbona huendi kusalimia, anakwambia kuna baridi." Wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba, wakaendelea kuchambua. Mimi nilikuwa naijua sababu. Dada yake mkubwa, Mama Rehema, mzee sana sasa, alikuwa ameegemea ukuta hatua tatu kutoka kwangu, naye alikuwa anaijua. Tulitazamana. Nilisubiri uchungu unijie. Nilichokiona ni kwamba mchele ulikuwa na mawe mengi.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa zamani, wa miaka ile ya ruksa, wakati mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni kwa marobota na viwanda vya Morogoro vilipoanza kupunguza watu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, mwanafunzi wa usaidizi wa maabara, nimepanga chumba kimoja Mafiga pamoja na Rehema. Yeye alikuwa ameshuka kutoka Kinole, huko Uluguru, kuja kushona. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mjane aliyefuga bata na kuwapangisha wasichana tu. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, cherehani ya Rehema iliyokaa chini ya dirisha, na msumari mmoja mkubwa uliopigiliwa ukutani ambao tulitundikia kila kitu. Ukifungua dirisha asubuhi uliuona mlima wote, na Rehema alikuwa anautazama huku akipiga mswaki, anasema, "Leo kwetu kunanyesha," au "Leo kwetu wanaanika." Kazi yake ilikuwa kupunguza magauni ya mitumba. Watu waliyanunua makubwa, ya wanawake wa nchi ambazo hatukuzijua, naye aliyapunguza kiunoni na mabegani hadi yakawa ya watu wa Mafiga. Vipande alivyokata alivishona kuwa mito. Jioni tulikula ugali na mchicha wa nazi, au maharage, au ndizi mzuzu alizotumiwa na mama yake, na wakati wa kula alinitaka nimsimulie nilichofundishwa, kwa sababu alisema ada ninayolipa lazima ilishe watu wawili.

Kwa hiyo alijua habari za virusi kama nilivyozijua mimi. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Massawe, mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, aliyevaa koti jeupe lililopauka kwapani. Chuo kilikuwa na darubini tatu, na hakuna hata moja iliyoweza kuonyesha kirusi, kwa sababu kirusi ni kidogo mno kwa darubini za kawaida. Kwa hiyo alitufundisha kwa maneno. Alisema bakteria ni kama mpangaji maskini: ana chumba chake na jiko lake, anajipikia mwenyewe, anazaa mwenyewe. Kirusi hana jiko. Hali, hapumui, hakui. "Mmewahi kuona hirizi?" akatuuliza. Darasa lilicheka, kwa sababu nusu yetu tulikuwa tumevaa hirizi utotoni. "Hirizi ni maandishi yaliyoshonewa ndani ya ngozi. Ukiiweka mezani, itakaa mezani. Kirusi ni hivyo hivyo: maandishi machache, na koti. Lakini akipata seli inayomfaa, koti linabaki mlangoni na maandishi yanaingia ndani. Seli inayasoma ikidhani ni amri ya mwili. Inaacha kazi zake, inaanza kunakili. Inanakili virusi mia, elfu, mpaka inachoka au inapasuka, na hao wote wanatoka kwenda kutafuta milango mingine." Kijana mmoja wa Ngerengere akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa mtu akipata mafua aseme amerogwa?" Mwalimu alimtazama bila kucheka. "Aseme ameandikiwa. Lakini hakuna mtu aliyeandika."

Usiku huo Rehema alilipenda sana neno la hirizi. Aliuliza kama kila kirusi anaingia kwa kila mlango. Nikamwambia hapana, kila mmoja ana mlango wake: wa surua anapita njia ya hewa, wa polio anapita tumboni, wa kichaa cha mbwa anapita kwenye mishipa ya fahamu. "Basi huyo wa mwisho ni mjinga," akasema. "Mishipa yote ile, atafika lini?" Tukalala.

Mbwa alimuuma Rehema wakati wa masika, siku ambayo mvua ilikatika alasiri na sisi tukatoka kwenda kununua mafuta ya taa. Njia ya kurudi ilipita nyuma ya uwanja wa Baba Neema, mtu wa Iringa aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha nguo na ambaye alikuwa amepunguzwa kazi mwaka uleule. Nyumba yake ndiyo pekee yenye mbwa katika mtaa wetu. Sisi wengine tulikuwa Waislamu, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: yakikugusa unajitohara kwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa Baba Neema tuliwajua kama unavyolijua shimo la njiani, kwa kulikwepa. Yule aliyetoka kwenye uwazi wa ua hakubweka. Alikuja kwa mwendo wa kawaida, kama mtu anayewahi mahali, akamuuma Rehema kwenye shavu la mguu, akamwachia, akaendelea na safari yake bila kugeuka. Nilimwona mgongo. Alikuwa wa rangi ya kahawia. "Shoga, ameniuma huyu," Rehema akasema, kwa sauti ya kushangaa zaidi kuliko ya maumivu, akanishikia kidumu cha mafuta kisimwagike.

Bi Mwanahawa alimketisha kwenye kibao cha jikoni, akamwosha mguu mara saba, akihesabu kwa sauti, na mara ya kwanza akasugua kwa udongo wa mfinyanzi aliouchukua nyuma ya banda la bata. Gauni nalo likaoshwa mara saba. "Sasa umetoharika, mwanangu," akasema. "Nenda kaswali." Nilipomwambia Mwalimu Massawe kesho yake, aliuliza kwanza kama walitumia sabuni, kwa sababu koti la kirusi huyu lina mafuta na sabuni hulivuruga. Nikamwambia udongo na maji. Akasema maji mengi ni afadhali kuliko hakuna, lakini jino liliingia ndani, na maji yalipita juu. Halafu akatutuma hospitali.

Daktari alikuwa kijana, na mlangoni pake palibandikwa karatasi mpya inayosema wagonjwa watachangia huduma. Alitueleza kwa uwazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwapo kidogo sana, na aliiweka kwa ajili ya walioumwa usoni na watoto. Ya kununua ilikuwa Dar es Salaam, kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yanafunguliwa, na ilibidi isafiri ndani ya barafu. Lakini mbwa anajulikana, ana mwenyewe, na jeraha liko mguuni. "Tumtazame mbwa siku kumi," akasema. Mbwa akiwa na kirusi huyu kwenye mate yake, basi kirusi ameshafika kwenye ubongo wake. Ataugua na kufa katika siku hizo, haishi. Akipita siku kumi ni mzima, basi siku aliyouma mate yake yalikuwa safi. Akibadilika, tutaanza chanjo siku hiyohiyo, na muda tutakuwa nao, kwa sababu mguu uko mbali na kichwa. Kirusi hutambaa ndani ya mshipa wa fahamu taratibu, na akiwa humo damu haijui kwamba yupo. Chanjo huuamsha mwili umngojee kabla hajafika juu. Akishafika juu, hakuna dawa. Alisema hilo mara moja tu, akiandika. Kisha akaniuliza mimi, "Wewe si wa chuo cha maabara? Basi hii kazi ni yako. Nenda kila asubuhi, andika, siku ya kumi niletee." Nilinunua daftari njiani. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa kazi.

Nilifika kwa Baba Neema kabla ya magharibi. Nilikuwa nimeshatawadha, kwa kuwa nilitaka nikirudi niswali moja kwa moja, nimevaa gauni jeupe la kuswalia, la kuazima. Ua wake ulikuwa wa minyaa, na nilisimama nje. Nilimsalimia, nikamweleza. Hakukasirika. Alisema amesikia, anasikitika sana, mbwa wake hawana tabia hiyo. Kisha akasema, "Ila dada, wako wawili hawa, mama mmoja. Yupi?" Walikuwa wamelala chini ya kiambaza cha nyumba, mmoja huku, mmoja kule, wote wa kahawia. Akasema, "Ingia umtazame vizuri, usiogope, nitawashika." Nikafikiria gauni, na udhu, na udongo, na kuosha mara saba. Nikanyoosha kidole juu ya minyaa. "Huyo," nikasema. "Wa kulia." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akamfunga kamba huyo wa kulia kwenye mpapai, mbele yangu, na mimi nikaandika saa.

Siku kumi zile nilizifanya kwa utaratibu ambao nimeutumia maisha yangu yote kazini, na nilisifiwa kwa huo. Kila asubuhi nilisimama pale pale kwenye minyaa. Niliandika kama amekula na amekula nini, kama amekunywa maji, kama anatembea sawasawa, kama anabweka, kama mate yanamtoka. Vijana wa kijiweni walinijua kufikia siku ya tatu. "Karani wa mbwa huyo," walisema nikipita. "Karani, mgonjwa kaamkaje?" "Kaomba chai," mwingine anajibu. "Mwambie dokta amwandikie na mkate." Rehema naye aliniita Bi Daftari. Jioni, akiwa amenyoosha mguu uliofungwa kitambaa juu ya kibao cha cherehani, aliniambia nimsomee, nami nikamsomea: amekula ugali na dagaa, amekunywa maji, amemtikisia mkia mwenyewe. "Anakula vizuri kuliko sisi," akasema. Siku ya tano Baba Neema alikuwa anachanja kuni, akanitajia, bila mimi kuuliza, kwamba yule mbwa mwingine hajarudi tangu juzi. "Madume ndivyo walivyo," akasema. "Atakuwa ameshukia mtoni huko, kuna jike." Niliandika na hilo. Mtu akinipa habari, mimi huandika. Ukurasa wa siku ya tano unasema: Amekula ugali na mboga ya kunde. Amekunywa maji. Anatembea vizuri. Mwenzake haonekani tangu juzi.

Siku ya kumi nilipeleka daftari hospitali. Daktari alilifungua, akasoma kila ukurasa, akaniambia laiti wasaidizi wake wangeandika hivi. Akasema mwenzangu yuko salama. Bi Mwanahawa alichinja bata. Rehema alirudi kwenye cherehani yake, jeraha likafunga likabaki na alama mbili, na tukaacha kulizungumza. Masika yakaisha. Mwalimu Massawe alipunguzwa kazi pamoja na walimu wengine wawili; alipita madarasani kutuaga akiwa na koti lake jeupe mkononi, akaenda kuuza mbegu za mboga, nasikia, na hatukumwona tena. Kama angekuwapo labda ningemuuliza jambo. Sijui ningemuuliza nini. Sikuwa na swali.

Kwenye baridi ya mwezi wa saba Rehema alianza kusema alama za mguuni zinamwasha, halafu zinakufa ganzi, halafu zinawasha tena. Siku mbili baadaye akawa na homa na kichwa. Tukadhani malaria, kama kila mtu anavyodhani, na hospitali nao walidhani hivyo. Daktari alikuwa yuleyule. Alimkumbuka, akauliza habari za mbwa, nami nikarudi Mafiga kuchukua daftari nikamletea. Alilisoma tena, ukurasa kwa ukurasa, wima, kando ya kitanda. Mbwa mzima siku zote kumi. Akafunga daftari, akaandika malaria iliyopanda kichwani, akaagiza dripu ya kwinini. Nilikuwa nimesimama hapo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mistari imenyooka, na hakuna mtu ambaye angeutilia shaka.

Siku ya pili wodini nilimpa maji kwenye kikombe cha bati. Aliyataka, kinywa kilikuwa kimemkauka, akakishika kikombe kwa mikono miwili, lakini kilipokaribia mdomo shingo yake yote ilikaza, akakitupa. Alinitazama kama mtu anayeomba radhi. "Saida, nina kiu," akasema. "Yasogeze tena." Nikayasogeza, ikawa vilevile. Muuguzi alifungua dirisha na upepo ulipompiga usoni shingo ilikaza tena. Nilikuwa nimefundishwa hilo. Kirusi akishajaa kwenye ubongo hurudi chini kwa mishipa hadi kwenye tezi za mate, na mwili unazuiwa kumeza, ili mate yabaki mdomoni yakingojea kuingia kwa mwingine. Hana nia, alisema Mwalimu, ni maandishi tu. Niliweka kikombe chini, nikatoka, nikatembea kwa miguu hadi Mafiga, kwa Baba Neema. Mimi mwenyewe nilifungua mlango wa ua wake nikaingia ndani. Mbwa niliyemwangalia siku kumi alikuja kuninusa kanga. Nilimtazama kwa karibu, kwa mara ya kwanza. Alikuwa jike. Nilimuuliza Baba Neema yule mwingine alirudi lini. "Hakurudi," akasema. "Walimkuta amekufa mtoni, watu wanaofua walisema. Mbona, dada?" Nikasema nauliza tu.

Nilirudi wodini sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba kwa Rehema haikubadili kitu, na hilo lilikuwa kweli. Alikufa asubuhi ya siku ya tatu, mama yake akiwa amefika kutoka Kinole dakika chache kabla, bado ana tope miguuni. Sikulia. Nilikunja kanga zake nikazipanga kwa ukubwa. Bi Mwanahawa alisema nimeshtuka, nitalia baadaye. Wanawake wa mtaani walikuja, wakakaa chumbani mwetu chini ya dirisha, wakazungumza kuhusu malaria, na jinsi dawa za siku hizi zilivyo hafifu tangu kila mtu aruhusiwe kuziuza. Mimi niliwapikia chai. Nakumbuka nilihesabu vikombe na vilitosha.

Nilipanda Kinole kwenye arobaini. Kwa Waluguru ardhi na neno la mwisho ni vya ukoo wa mama, na aliyeongoza kikao baada ya dua alikuwa mjomba wake Rehema, kaka wa Mama Rehema na wa Mama Tabu. Tulikula wali na nyama ya mbuzi kwenye sinia, kulikuwa na ukungu, migomba ilikuwa inadondosha maji. Baada ya kula wageni wa mbali waliondoka, mimi nikaambiwa nibaki. Mjomba alisema hospitali waliandika malaria, lakini mtoto alitibiwa malaria na hakupona, na malaria haimfanyi mtu aogope maji. Akanigeukia. "Mwanangu, sisi tunasikia kulikuwa na mbwa. Wewe ndiye uliyemwangalia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Alikufa?"

"Hakufa."

"Alikuwa mzima siku zote hizo alizosema daktari?"

"Alikuwa mzima."

Kila nilichojibu kilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti changu kilikuwa kimebakiza miezi, na nilijua kwamba nikisema neno moja zaidi litafika hospitali na chuoni. Mjomba akatikisa kichwa polepole. "Basi si mbwa," akasema. "Ni mkono wa mtu." Kisha wote wakamtazama Mama Tabu, aliyekuwa amekaa mlangoni mwa jiko na sufuria mapajani, akisugua ukoko. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwomba Rehema amsaidie kuvuna pilipili manga, Rehema akakataa kwa sababu ya cherehani, na Mama Tabu alikuwa amemwambia, "Utaona." Watu watatu walikuwa wamelisikia neno hilo na sasa wakalikumbuka kwa wakati mmoja. "Nilisema utaona kama watu wanavyosema," Mama Tabu akajibu. "Nyote mnasema. Wewe kaka unasema kila siku." Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mama Rehema alikuwa anamtazama mdogo wake kama anayejaribu kumtambua mtu aliye mbali. Niliondoka na Landrova ya mchana, nimepewa mkungu wa ndizi.

Habari zilishuka na wanawake wanaoleta mizigo sokoni. Ukoo umemtoa Mama Tabu kwenye shamba. Shamba amepewa mtoto wa binamu. Nyumba yake imebomolewa ili asirudi. Mama Tabu yuko Dumila, ana kibanda. Nilizisikia nikiwa nachagua bamia, na nilimaliza kuchagua. Nilifanya mitihani. Nilikuwa wa kwanza katika somo la utunzaji wa kumbukumbu. Wakati wa vuli, siku ya Jumamosi, nilipanda basi la Dodoma nikashuka Dumila.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya barabara, anapanga nyanya kwa mafungu, nne chini na moja juu. Mabasi yaliposimama wanawake wote walikimbilia madirishani na mabeseni yao, yeye hakukimbia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamweleza yote, kwa mpangilio: njia ya nyuma, mgongo wa mbwa, minyaa, kidole, siku ya tano, mtoni. Nilieleza na habari za kirusi, jinsi anavyotambaa miezi kwenye mshipa, ili aelewe kwa nini Rehema alikuwa anacheka na kushona wakati wote huo. Alisikiliza huku akifuta nyanya kwa pindo la kanga. Nilipomaliza aliuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, mama."

"Mimi nilikuwa najua sijafanya," akasema. "Kuniambia mimi ni kazi bure. Waambie wao." Akahamia fungu jingine.

Nilipanda Kinole wiki iliyofuata na daftari kwenye mkoba. Mjomba alikuwapo, na Mama Rehema, na mke wa mjomba aliyekuwa anatwanga na ambaye aliacha kutwanga. Nilieleza tena. Mjomba aliniuliza kwa nini sikusema siku ile alipouliza, nikamwambia niliogopa. Aliuliza niliogopa nini, nikamwambia cheti. Kisha akasema shamba limeshagawiwa, limeshalimwa, na ukoo haukai kikao mara mbili kwa jambo moja. Lakini atasema msikitini kwamba Mama Tabu hana kosa. Alisema hilo kwa sauti ya mtu anayetoa alichonacho. Nilijua kwamba nyumba iliyobomolewa haijengwi na tangazo.

Mama Rehema alinyoosha mkono akataka daftari, akakumbuka kwamba hajui kusoma, akanirudishia. "Nisomee," akasema. "Zote." Nikasoma siku ya kwanza mpaka ya kumi, sauti moja, kama nilivyokuwa namsomea Rehema. Ugali na dagaa. Ugali na mboga ya kunde. Makoko na mchuzi. Amekunywa maji. Amekunywa maji. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika mwisho akangoja, akidhani kuna kurasa nyingine.

"Siku hizo mlikuwa mnakula pamoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mtoto alikula nini?"

Nilijaribu. Nilijua kwamba nilikaa naye kwenye mkeka ule jioni zote kumi, mguu wake juu ya kibao, taa ikiwa katikati yetu. Niliweza kuliona sinia. Sikuweza kuona kilichokuwa ndani yake.

"Sikuandika, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akakung'uta kanga, akaingia ndani, nikamsikia anafungua sanduku na kulifunga. Alipotoka alikuwa na kifurushi kidogo chini ya kwapa. Alimpita kaka yake bila kumtazama, akaniuliza gari la kushuka mjini linaondoka saa ngapi, na kutoka pale mjini, magari ya Dumila yanapandiwa wapi.